Seva ya nane

Leo naweka pembeni saikolojia ya elimu, tupige kidogo historia. Siyo ya Majimaji, ni ya hawa jamaa wa kompyuta. Msikimbie, sisi wa ualimu inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Programu kubwa huandikwa na watu wengi. Zamani kila mmoja alijifungia na kipande chake wiki kadhaa, halafu siku ya kuunganisha ndo mnagundua cha huyu hakielewani na cha yule. Mwaka 1991 Mmarekani Grady Booch alishaandika kuhusu kuunganisha kazi mfululizo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kent Beck na wenzake, waliokuwa wakitengeneza programu ya mishahara ya kampuni ya magari ya Chrysler, wakaifanya desturi: unganisha kila siku, pima kila unapounganisha. Mwaka 2001 ikaja CruiseControl, ikawa mashine yenyewe ndiyo inaunganisha na kupima. Kisha Kohsuke Kawaguchi, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Sun Microsystems, alichoka kununiwa na wenzake kila kazi yake ilipoharibu programu ya wote. Akaandika Hudson, ikatoka 2005. Mwaka 2011, baada ya mvutano na Oracle walioinunua Sun, ikapewa jina la Jenkins.

Sasa basi, kuna waliokuwa bado wanapeleka programu kwenye seva kwa mkono. Sikilizeni kilichowapata Knight Capital, kampuni ya kununua na kuuza hisa kule Marekani.

Mwishoni mwa Julai 2012 fundi wao alinakili programu mpya kwenye seva nane. Saba zikapata, ya nane akaisahau. Hakukuwa na mtu wa pili wa kukagua, wala utaratibu ulioandikwa wa kumtaka awepo. Kwenye ile seva ya nane kulikuwa na programu ya zamani, haitumiki tangu 2003 lakini haikufutwa. Na swichi iliyokuwa ikiiwasha ndiyo hiyo hiyo iliyopewa kazi katika programu mpya!

Agosti 1, saa tatu na nusu asubuhi, soko la New York likafunguliwa. Mzee akaamka, akaanza kutuma oda bila kikomo. Kabla ya hapo barua pepe 97 za tahadhari zilishaingia kwa wafanyakazi, hakuna aliyezifanyia kazi. Katika kuhangaika wakaondoa programu mpya kwenye zile seva saba nzima, tatizo likazidi. Dakika 45 tu, hasara zaidi ya dola milioni 460. Mwaka uliofuata kampuni ikaunganishwa na Getco.

Siku hizi, kwa vitu kama Jenkins au GitHub Actions iliyotangazwa 2018, hatua zote zinaandikwa kwenye faili: pima, tengeneza, peleka seva zote, hakikisha zimepokea, ikishindikana rudisha ya zamani. Nane ni nane. Moja ikikataa, taarifa nyekundu inatokea na kazi inasimama.

Ila wadau, tusiiabudu mashine. Kipimo kibovu kitapitisha kazi mbovu, tena kwa kasi na kwenye seva zote. Na ile programu ya mwaka 2003 ilihitaji binadamu wa kuamua kuifuta.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki wanamcheka fundi. Mimi naona anaonewa. Kusahau kimoja kati ya nane ni ubinadamu. Waliokosea ni walioacha kampuni nzima itegemee kumbukumbu ya mtu mmoja. Walimu watarajiwa, kesho tutakuwa na alama za watoto mamia mikononi, tunajumlisha usiku kwa macho mazito. Mtoto wa seva ya nane naye ana mzazi anayesubiri matokeo.

Nyie mnaonaje? Karibuni tubishane.