Uhuru ya Ngomeni

Desemba 12 tunaijua kwa gwaride na hotuba. Lakini tarehe hiyo mwaka 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, kulikuwa na jambo lingine. Roketi aina ya Scout iliruka kutoka baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini Ngomeni? Waitaliano walikuwa na jukwaa lao pale, San Marco, limesimama majini kwa miguu ya chuma. Halafu kuna ikweta. Dunia ikijizungusha, sisi wa huku tunakimbia karibu mita 465 kwa sekunde bila kuhisi, na roketi inayoelekea mashariki inapata kasi hiyo bure. Tena, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi iliyojikusanya kusini mwa Atlantiki, ambayo ingevuruga vipimo vyake.

Kifaa chenyewe kinanifurahisha kuliko hata roketi. Hakikuwa na lenzi wala kioo. Kilikuwa na masanduku ya gesi: eksirei ikiingia inaigonga gesi, mpigo mdogo wa umeme unatokea, unahesabiwa. Mbele yake kulikuwa na vizuizi vya kuacha kipande chembamba tu cha anga kionekane, na setilaiti ikajizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi. Sisi waandishi wa programu tungesema ni kihesabio ndani ya kitanzi. Basi! Ila kiliweza kuhesabu kwa vipande vya karibu sehemu ya kumi ya sekunde, na hapo ndipo utamu ulipo.

Aliyeongoza utafiti ni Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, 1931, aliyehamia Marekani. Mwaka 1962 kundi lake lilirusha roketi iliyotazama anga kwa dakika chache tu, ikagundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua, Scorpius X-1. Uhuru ilimpa miaka zaidi ya miwili. Data zikaonyesha Centaurus X-3 ikipiga kila sekunde 4.8, kama moyo. Ni nyota ya nyutroni inayozunguka mwenzake kwa takriban siku mbili na kumnyonya gesi. Kubadilika haraka kwa Cygnus X-1 nako kukawafanya wanasayansi waanze kulizungumzia shimo jeusi kama kitu kilichopo kweli. Hapa Mitaboni, jioni za Aprili na Mei, ukitazama kusini utauona Msalaba wa Kusini. Centaurus X-3 iko jirani yake, ingawa kwa macho huambulii kitu.

Giacconi hakuishia hapo. Mwaka 1978 ilirushwa Einstein, darubini yake ya eksirei yenye vioo vya kweli. Kuanzia 1981 akaongoza taasisi ya sayansi ya darubini ya Hubble, na 1993 hadi 1999 akawa mkuu wa ESO, shirika la Ulaya lililokuwa likijenga darubini nne za mita 8.2 kule Chile. Mojawapo, Yepun, ndiyo iliyotoa mwaka 2004 picha ya kwanza ya sayari ya nje ya mfumo wetu, 2M1207b. Giacconi alikuwa ameshaondoka, na picha ni ya kundi la Gaël Chauvin. Hata hivyo bila mtambo ule hakuna picha. Kompyuta yake inakunja kioo mara nyingi kwa sekunde ili kufuta mtetemo wa hewa. Msimbo wa namna hiyo ningependa kuusoma! Nobel aliipata 2002, akafariki 2018.

Kinachoniuma ni upande wetu. Bahari ilikuwa yetu na jina letu, lakini data zilichambuliwa Massachusetts, na shuleni sikuwahi kusikia hata sentensi moja juu ya jambo hili. Jukwaa lilirusha setilaiti ya mwisho 1988. Taifa-1 yetu ilipokuwa tayari, Aprili 2023, ilibidi ipelekwe California kurushwa.

Orodha ya nne ya Uhuru, iliyotoka 1978, ina vyanzo 339 na inapatikana bure kwenye hifadhi ya NASA. Ni faili ndogo kuliko picha moja ya simu, ukitaka mazoezi ya kuchora grafu ianze hiyo. Majina yake yanaanza na 4U, na wanaastronomia bado wanayaandika kwenye makala zao, mfano 4U 1820-30. Hiyo U ni Uhuru.