Maumivu ya misuli baada ya mbio ndefu: ya kuvumilia na ya kukimbilia hospitali

Nilipomaliza kilomita 21 zangu za kwanza, Jumapili asubuhi, nilirudi nyumbani Mji wa Kale nikijiona kijana. Alfajiri ya Jumatatu ndipo nilipojua. Kupanda ngazi niliweza. Kushuka kulinishinda, nikateremka kinyumenyume nimeshika ukuta huku wanangu wakinicheka. Swala nilisali juu ya kiti.

Wengi huambiwa kuwa hiyo ni asidi iliyoganda miguuni. Sivyo. Asidi ya laktiki huondoka kwenye misuli yapata saa moja tu baada ya mtu kusimama. Kinachouma siku ya pili ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, hasa pale msuli unapovutika huku umebeba uzito. Ndiyo maana mteremko huumiza mapaja kuliko mlima, ingawa mlima ndio unaokata pumzi. Maumivu haya huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua yenyewe ndani ya wiki.

Dawa ya kwanza ni kutembea polepole, dakika 20 au 30, badala ya kulala kutwa. Kuchua nako kunasaidia, lakini kwa mkono mwepesi. Mafuta ya nazi yanatosha. Anayekuchua mpaka ukapiga kelele anaongeza jeraha juu ya jeraha. Wanariadha wakubwa huingia kwenye maji ya barafu kwa dakika 10 hadi 15. Bahari yetu ni ya vuguvugu, haina baridi hiyo, ila maji ya kifuani hukubebea uzito wako na mguu ukajongea bila kulalamika. Kujinyoosha, pamoja na sifa zake zote, hupunguza maumivu haya kidogo mno.

Kula vizuri: wali kwa samaki, mbaazi, mayai. Dafu ni zuri. Na ulale.

Sasa vidonge. Hapa nataka tusikilizane. Mpwa wangu, tuliyekimbia pamoja, alimeza dawa za maumivu kabla ya mbio na akazirudia alipofika, jua kali, maji hakunywa ya kutosha. Ibuprofen na diclofenac hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mtu aliyekaukiwa na maji hana damu ya kupunguziwa. Jioni mkojo wake ulikuwa kama chai ya mkandaa. Daktari alitueleza kuwa misuli ikivunjika sana humwaga protini kwenye damu, nayo huziba figo. Alilazwa siku nne akitiwa maji ya mshipa. Alipona, alhamdulillahi. Ikibidi kumeza kitu, paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi, na hiyo nyingine ingoje mpaka umekunywa, umekula na mkojo umekuwa mweupe.

Basi usingoje nyumbani ukiona mkojo wa rangi hiyo, au mguu mmoja tu umevimba na shavu lake lina joto, maana huenda damu imeganda. Maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa, yanayozidi kila ukikanyaga, nayo yanataka daktari.

Mimi nilirudi barabarani siku ya sita, nilipoweza kushuka ngazi bila kugusa ukuta. Mpwa wangu daktari alimzuia kwa wiki kadhaa.