Programu za Kusoma Alama za Methili katika Utafiti wa Saratani

Umethilishaji wa DNA ni hali ambayo kikundi kidogo cha kemikali kiitwacho methili hujishikiza kwenye sitosini, mojawapo ya herufi nne za DNA, na alama hizo zinapojaa mwanzoni mwa jeni, aghalabu jeni hiyo huzimwa ingawa mfuatano wa herufi zake haujabadilika. Mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein, watafiti wa Marekani, walionyesha kuwa jeni kadhaa katika seli za saratani zilikuwa na methili pungufu kuliko zile za tishu isiyougua, na tangu hapo alama hizo zikawa ushahidi wa kuchunguzwa.

Njia ya kuzisoma moja moja ilipatikana mwaka 1992, Marianne Frommer na wenzake nchini Australia walipotumia bisalfaiti, kemikali inayogeuza sitosini isiyo na methili isomeke kama thaimini huku ikiiacha yenye methili ilivyo. Mafanikio hayo yalizaa tatizo jipya, kwa kuwa programu za kawaida za kulinganisha mfuatano na jenomu ziliyaona mageuzi hayo kuwa makosa. Ndiyo maana programu ya Bismark, iliyotolewa mwaka 2011 na Felix Krueger na Simon Andrews wa Taasisi ya Babraham, Uingereza, hugeuza kwanza sitosini kuwa thaimini katika mfuatano na katika jenomu pia, hutafuta mahali zinapolingana, kisha hurejea kwenye herufi za asili ili ihesabu zilizobaki sitosini.

Mwaka huohuo kampuni ya Illumina ilitoa chipu yenye kupima zaidi ya nukta 480,000 za jenomu, kila moja ikipewa thamani kati ya 0 na 1. Chipu hiyo ilikuwa na vipimio vya aina mbili visivyotoa thamani kwa mtawanyiko uleule, hivyo mtafiti asiyevisawazisha angeweza kudhani sifa ya chipu ni sifa ya ugonjwa. Mbinu za SWAN na BMIQ zilibuniwa kurekebisha kasoro hiyo, na kifurushi cha minfi, kilichoelezwa katika makala ya mwaka 2014, kilichoandikwa kwa lugha ya R na kusambazwa katika mradi wa Bioconductor, kilikusanya hatua za uchambuzi katika msimbo ulio wazi, ambao mtafiti yeyote aliweza kuukagua na kuusahihisha.

Juu ya msingi huo, mwaka 2018 watafiti walioongozwa kutoka Heidelberg, Ujerumani, walichapisha mfumo unaotumia alama za methili kutambua uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo, uliofunzwa kwa sampuli 2,801. Katika majaribio ulibadilisha takriban asilimia 12 ya utambuzi wa awali, na ulikataa kuainisha uvimbe ambao kiwango chake cha uhakika hakikufikia 0.9. Uwezo huo wa kukiri mashaka ndio urithi bora wa historia hii, maana mgonjwa anayesubiri tiba hulindwa na programu ambayo makosa yake yameanikwa wazi na mipaka yake inajulikana.