Malezi ya Kiislamu katika Shule za Upili za Kisumu na Ukanda wa Ziwa

Kisumu iliupata Uislamu hasa kwa njia ya reli, iliyofika ziwani Desemba 1901. Walikuja mafundi na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi na Waswahili wa pwani. Wanubi nao wakafanya makazi Kibos. Msikiti wa Jamia ulijengwa 1919, na watoto wakasoma Qur'ani madrasani.

Elimu ya juu zaidi ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Maseno, iliyoanzishwa na Wanglikana 1906, ndiyo iliyofungua milango ya kazi za ofisini, lakini ibada ya Kikristo ilikuwa sehemu ya ratiba ya shule za aina hiyo. Wazazi wengi Waislamu waliona heri mtoto akose cheti kuliko apoteze dini. Hofu yao ilikuwa na msingi, ingawa iliwagharimu wajukuu wao.

Sheria ya Elimu ya 1968 iliwaacha wamisionari kama wadhamini wa shule, ikampa mzazi haki ya kuomba mwanawe asihudhurie ibada. Hata hivyo, kumtoa mtoto kanisani si kumlea: aliyebaki bwenini saa ya ibada hakufundishwa lolote. Somo la Dini ya Kiislamu, lenye sehemu nzima ya akhlaki, lilikuwemo katika mtaala wa 8-4-4 ulioanza 1985, lakini shule yenye Waislamu wachache ni nadra kupewa mwalimu wake.

Pengo hilo lilizibwa na vyama vya wanafunzi Waislamu. Wanafunzi wenyewe huomba chumba cha kuswalia, humteua imamu miongoni mwao, hupanga darsa ya Ijumaa na kukubaliana na wapishi kuhusu daku na futari. Hapa ndipo tabia hujengwa kweli. Kijana wa kidato cha tatu anayewaamsha wenzake alfajiri hujifunza uaminifu na subira kwa kutenda, jambo ambalo mtihani wa akhlaki hauwezi kulipima.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mdhamini alinde imani za wanafunzi wasio wa dhehebu lake. Kuhusu hijabu, Mahakama ya Juu, katika kesi ya shule moja ya Isiolo iliyoamuliwa Januari 2019, haikuweka kanuni ya nchi nzima. Iliitaka bodi ya shule ishauriane na wahusika. Kwa hiyo, katika shule za ukanda wa ziwa zenye wadhamini wa makanisa, vazi la msichana Mwislamu bado hutegemea maelewano kati ya mkuu wa shule na wazazi.