Kiti ni cha Nani? Kifungu cha 65 na Maadili ya Wabunge wa Malawi

Katiba ya Malawi ya mwaka 1994 iliwapa wapigakura, katika kifungu cha 64, njia ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kwisha. Hakikudumu, Bunge lilikifuta mwaka 1995. Kilichobaki ni kifungu cha 65, kinachomtaka Spika atangaze kuwa wazi kiti cha mbunge aliyechaguliwa akiwa wa chama kimoja kilichomo bungeni, kisha akajiunga kwa hiari na kingine. Hivyo hukumu juu ya uaminifu wa mbunge ilitoka kwa waliomchagua ikaangukia kwa Spika, ambaye naye huchaguliwa na wabunge haohao.

Udhaifu huo ulidhihirika Februari 2005, Rais Bingu wa Mutharika alipokihama chama cha UDF kilichompeleka Ikulu na kuunda DPP. Wabunge wengi walimfuata. Juni 2007 Mahakama ya Juu ya Rufaa ilithibitisha uhalali wa kifungu hicho. Upinzani ukadai wahamaji waondolewe kwanza, ndipo bajeti ijadiliwe, nayo serikali ikashikilia bajeti itangulie. Nchi nzima, basi, ilingoja fedha kwa sababu ya viti. Mutharika alipofariki Aprili 2012 na Joyce Banda wa PP kushika madaraka, safari ilikuwa zamu ya wabunge wa DPP kuhamia upande wa serikali mpya. Mpigakura wa Kauma, jijini Lilongwe, hakuwa na kifungu cha kushika. Ilimbidi asubiri uchaguzi wa Mei 2014.