Vidonge vinavyoyachelewesha maji

Katika famasi za Lubumbashi, mgonjwa wa sukari au wa tansio huweza kupewa boksi lenye herufi mbili za Kifaransa, LP (libération prolongée, yaani dawa inayotoka polepole), pamoja na onyo fupi: meza kizima, usitafune, usisage. Onyo hilo lina historia ndefu.

Mwaka 1843, Mwingereza William Brockedon alipata hataza ya kushindilia unga wa dawa ndani ya kalibu. Tangu hapo watengenezaji walihangaikia jambo moja: maji yaingie haraka, la sivyo kidonge kitoke tumboni kama kilivyomezwa. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipofunga safari ya kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ikwatoria, mwaka 1887, kampuni ya Burroughs Wellcome ya London ilimpa bure masanduku tisa ya dawa, vidonge vyake vikiwa vimechanganywa na viyeyusho vya haraka. Aliyeshikwa na homa porini alihitaji kwinini ifike damuni upesi.

Karne ya 20 ilileta hitaji jingine. Mwenye maradhi ya kudumu anahitaji dawa itoke kidogokidogo mchana kutwa. Mwaka 1952 kampuni ya Smith Kline & French ya Marekani ilitoa Spansule, kapsuli yenye punje zilizopakwa nta kwa unene tofauti. Miaka kumi baadaye ikasajiliwa hataza ya vidonge vya polima iitwayo haipromelosi, inayotokana na selulosi ya miti au pamba.

Tumbukiza kidonge cha aina hiyo katika glasi ya maji. Hakisambaratiki. Ngozi yake huvimba na kuwa utelezi mzito kama wa bamia. Ukikikata baada ya muda mfupi, kiini bado ni kikavu. Maji hupenya utelezi huo polepole, huyeyusha dawa, nayo hutoka kwa njia ileile huku ngozi ya nje ikilika. Takeru Higuchi, mwanasayansi wa Marekani, alikokotoa mwendo huo kwa malhamu mwaka 1961, na kwa vidonge mwaka 1963: pale dawa inapotoka kwa kupenya tu, ili kiasi kilichotoka kiwe maradufu, muda lazima uwe mara nne.

Ndiyo maana kusaga ni hatari. Nifedipini ya LP, dawa ya tansio, ikisagwa, dozi iliyokusudiwa saa nyingi huingia damuni kwa mkupuo, na presha huweza kuporomoka ghafla. Kwa upande mwingine, anayetumia metformini ya LP, dawa ya sukari, akiona chooni kitu laini kama kidonge, asiogope wala asirudie dozi: dawa imeshatoka, limebaki ganda.

Herufi mbili haziwezi kueleza yote hayo. Anayekabidhi boksi amweleze mgonjwa kwa Kiswahili jinsi maji yanavyofanya kazi ndani ya kidonge, kwa sababu anayejua sababu ya katazo ndiye atakayelifuata hata akiwa peke yake nyumbani.