Vita vya Haki, au Vita Halali?

Istilahi ya Kilatini bellum justum imezoeleka kwa Kiswahili kuwa "vita vya haki". Ni nyepesi mdomoni, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Haki kwetu ni neno zito: haki ya yatima, haki ya mfanyakazi, haki ya Mungu. Vita vikishaitwa vya haki, maswali hukoma. Aliye upande wetu yu katika haki, na aliye mbele yetu yu katika batili. Lakini waliojenga istilahi hii hawakutafuta sifa ya kuvipamba vita, walitafuta masharti ya kuvibana. Mwanateolojia Mkristo Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alitaja matatu: viamriwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Waliomfuata wakalikazia swali la namna ya kupigana.

Kwa hiyo nashika "vita halali". Mbuzi ni mnyama halali, na pengine kanunuliwa kwa pesa safi. Lakini akifa kabla kisu hakijapita kooni ni nyamafu, hata mwenyewe awe mcha Mungu kiasi gani. Uhalali haukai kwa mbuzi peke yake, umo pia mkononi na kwenye kisu. Ndivyo ilivyo kwa vita: Abu Bakr, khalifa wa kwanza wa Waislamu, alipoliaga jeshi liendalo Sham (Siria) aliusia wasiuawe wanawake, watoto wala wazee, na miti izaayo isikatwe. Kumbukumbu la Torati 20 nayo hukataza kukata miti ya matunda ya mji uliozingirwa. Tukiri, hata hivyo, kwamba mistari michache tu kabla ya hapo sura hiyohiyo inaamuru miji fulani isiachiwe chochote chenye pumzi. Humo sababu imemeza namna, na mti umehurumiwa kuliko mtoto.

Wapo watakaosema halali ni neno la Waislamu. Mbona Wakristo hufunga ndoa halali, na mahakama hutambua mmiliki halali? Pingamizi zito zaidi ni kwamba dola ikipiga muhuri, chochote kitaitwa halali. Lakini msemaji wa Kiswahili hadanganyiki hivyo: shamba la dhuluma, hata likiwa na hati, bado huliita haramu.

Tofauti ya istilahi hizi mbili huonekana wazi mbele ya silaha za leo. Baada ya bomu la atomu la tarehe 6 Agosti 1945, ngazi za mawe za benki moja mjini Hiroshima zilibaki na kivuli cheusi cha mtu anayedhaniwa alikuwa ameketi akisubiri mlango ufunguliwe. Ukisema "vita vya haki", mjadala hukimbilia nani alianza, na shambulio la Japani kwenye Pearl Harbor hutolewa kama jibu. Ukisema "vita halali", swali hubaki kwenye kisu: je, kisu kisichoweza kumbagua askari na mteja wa benki kinaweza kuchinja kihalali? Papa Francis, akiwa Hiroshima mwaka 2019, alitamka kuwa kutumia nguvu za atomu kwa vita ni kinyume cha maadili, na kumiliki silaha hizo vilevile, bila kuuliza kwanza mmiliki ana sababu gani.